Kupaka rangi fanicha za urembo hapa Dom zisibanduke, kuanzia msasa mpaka klia ya mwisho

Stuli nyeupe yenye maua ya dhahabu ikitoka kwa fundi inapendeza kweli, ukipiga picha kila mtu anaulizia bei. Ngoja sasa ipite miezi michache, dada wa kazi anadeki kila siku, watoto wanaburuza, chai inamwagika, utaona miguu inavimba, pembeni panachubuka, na juu kumeota duara jeupe la kikombe. Hapo mwenye stuli analaumu rangi, fundi analaumu klia feki, ile isiyo na rangi inayopakwa juu mwisho, na mara nyingi wote wanakosea. Klia inatunza kile ilichokikuta. Ikikuta vumbi inatunza vumbi, ikikuta rangi haijakauka inaikunja, ikikuta mafuta ya kupikia inakaa siku mbili inaachia. Ndio maana huu mwongozo sehemu kubwa ni mambo ya kabla hujafungua kopo la klia, ukiruka huko mwanzo huku mwisho hakuna cha kukusaidia.

Naongelea zaidi stuli, meza za kahawa, dresingi tebo, makabati ya vyombo, fremu za vioo, zile fanicha za kupambwa pambwa. Milango na madirisha ya nje ni somo lingine.

Mbao izoee hewa ya hapa kwanza

Dodoma ni pakavu jamani, mvua yenyewe kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600 na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo ni jua na upepo tu. Mbao inajua hilo kuliko sisi. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 watu wamekuja na makabati yao toka Dar, kabati lilikuwa limekaa na unyevu wa pwani miaka yote, likifika mitaa ya hapa kama Kisasa au Ilazo likapita Juni mpaka Oktoba moja tu linaanza kulia usiku tak, tak, maungio yanaachia na rangi inapasuka mstari ulionyooka pale mbao mbili zinapokutana. Huo ufa hauzibiki kwa rangi. Mbao imesinyaa, utaziba leo na mwezi ujao utaukuta palepale.

Kwahiyo fanicha iliyotoka pwani, au iliyochongwa kwa paini mbichi ya Mafinga iliyoshushwa juzi, iache ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla hujaigusa, kwenye chumba kilekile itakapokaa kama inawezekana. Paini mbichi utaijua, ni nzito kuliko inavyotakiwa na ukiiwekea shavu unasikia ubaridi. Maungio yakishaachia yaachie kabisa, toa gundi ya zamani, tia gundi mpya ya mbao, funga kwa kamba au klampu mpaka kesho yake, ndio uanze habari za rangi.

Na kwenye milango ya makabati yenye paneli ya katikati iliyoingia kwenye mfereji wa fremu, paka paneli kabla haijafungwa. Ukipaka ikiwa imeshafungwa, kiangazi kikifika paneli inasinyaa na pembeni panatokea mstari wa mbao tupu kuzunguka paneli nzima, kabati jeupe linaonekana limevaa nguo fupi. Wateja wanaiona hiyo kabla hawajaona kitu kingine chochote.

Kabla ya hapo jiulize pia kama kweli hiyo mbao inahitaji rangi. Mtu analeta meza ya mninga safi anataka ipakwe nyeupe eti ndio fasheni, binafsi namshawishi mpaka dakika ya mwisho apige klia tu zile nyuzi zionekane. Akikataa basi, pesa ni yake, ila ajue mninga una rangi yake ya asili inayopanda juu na kuchafua nyeupe, tutaifikia hiyo hapo chini.

Ujue kilichopo juu yake

Fanicha ya zamani usiipake rangi bila kujua imepakwa nini. Chukua pamba, loweka spiriti, sugua sehemu isiyoonekana, chini ya meza au nyuma ya mguu. Ikilainika ikanata kwenye pamba hiyo ni rangi ya maji au ni shelaki, ile klia ya chembe inayoyeyushwa na spiriti. Isipofanya kitu, chukua pamba nyingine weka tina ya NC, ile klia ya kukauka haraka. Ikiyeyuka kabisa kama inarudi kuwa majimaji, hiyo ni NC. Ikivimba na kukunjamana ni rangi ya mafuta. Ikikaa kimya haitingishiki, uwezekano mkubwa ni tuki, ile ya kuchanganya na hadna, dawa ya kuigandisha. Sasa haya majibu yaandike popote, kwenye kiganja ukitaka, kwa sababu ndio yatakuambia juu yake unaweza kupiga nini.

Kama ni rangi ya zamani sana, fanicha ya bibi, usiisugue msasa kavu ndani ya nyumba. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake na lile vumbi ni sumu, kwa watoto hasa. Tumia msasa wa maji, fanyia nje, vaa maski, kusanya uchafu wote utupe mbali.

Kuosha, na haya maji yetu

Osha kwa sabuni ya unga na kitambaa, hasa kabati la jikoni, maana mafuta ya kukaangia yanaruka mpaka juu ya kabati ambako hakuna mtu anaona. Kama ilikuwa inapigwa zile polishi za kung'arisha za kopo la kupuliza, sabuni peke yake haitoshi, pitisha na kitambaa chenye tapentaini, geuza upande safi wa kitambaa kila mara, halafu osha tena. Zile polishi nyingi zina silikoni, na rangi ikikuta silikoni inakimbia, unaona vishimo vya duara vimetapakaa kila mahali, mafundi wanaita macho ya samaki, ukishayaona kwenye rangi mbichi hakuna dawa zaidi ya kuacha ikauke usugue yote uanze upya.

Halafu maji. Mitaa mingi ya Dom maji yana chumvi, hata birika linajua. Ukiosha mbao na hayo maji ukayaacha yakaukie hapohapo, chumvi inabaki juu, na ukija kupiga klia juu ya rangi nyeusi au bluu iliyoiva unaona ukungu mweupe chini na huwezi kuufuta tena. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua kama umekinga, au hata maji ya kunywa ya dukani, kitambaa kimoja kilichokamuliwa kinatosha meza nzima. Na hayohayo ndio ya kuzimulia rangi ya maji. Usizimulie na maji ya kisima ya chumvi.

Msasa

Mbao mpya anza na namba 120, nenda 180, malizia 240, kufuata nyuzi zake siku zote, ukikata nyuzi mikwaruzo itajitokeza baada ya klia hata kama ulikuwa huioni. Fanicha iliyokwisha kupakwa na rangi bado imeshika vizuri huna haja ya kuitoa yote, kata mng'ao tu kwa 180 au 240 mpaka iwe imefifia kila sehemu. Pale panapong'aa bado, rangi mpya haishiki, inakaa tu inasubiri mtu aiguse na kucha.

MDF, ile mbao ya unga ulioshindiliwa, kata zake za pembeni zinakunywa kama hazina akili. Uso wa juu uko sawa ila ule ukingo uliokatwa unanyonya rangi mpaka unavimba manyoya. Paka gundi nyeupe iliyozimuliwa maji, acha ikauke, msasa 240, rudia, au tumia puti nyembamba, mpaka ukipitisha kidole usisikie tofauti kati ya ukingo na uso. Hii ndio inayotenganisha meza ya MDF inayokaa na ile inayovimba wiki ya kwanza.

Matundu ya misumari ziba na bodi fila ile ya magari kama utapaka rangi ya kufunika, inakauka haraka na haisinyai. Kama utapiga klia tupu tumia vumbi la msasa la mbao hiyohiyo na gundi, ingawa ukweli ni kwamba bado litaonekana kidogo.

Madoa ya njano yanayorudi

Mama mmoja wa Nkuhungu alinipigia kuhusu dresingi tebo aliyopakiwa na kijana wa mtaani kwake.

"Fundi, hii meza yangu nyeupe mbona inatoa madoa kama chai?"

"Yako wapi mama, juu au kwenye droo?"

"Kwenye droo. Tena ya duara duara. Kijana kashapaka mara ya pili, yanarudi."

"Hata akipaka mara ya tano mama yatarudi. Hayo ni macho ya paini, yanatoa utomvu. Mwambie asipake tena, asugue hapo kwenye madoa."

Vile vifundo vyeusi vya paini vina utomvu, na utomvu unapita kwenye rangi ya maji na hata ya mafuta, taratibu, unatoka njano. Joto likizidi unatoka zaidi, kwahiyo meza iliyokaa karibu na dirisha la jua ndio inaanza. Dawa yake ni shelaki, zile chembe za rangi ya kahawia ambazo mafundi wanaloweka kwenye spiriti usiku kucha zinayeyuka. Kwanza kwangua utomvu unaonata, futa kifundo na tina, halafu paka shelaki juu ya kifundo na kupita kidogo pembeni yake, acha kama saa moja, paka tena. Ndio upige praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha rangi yenyewe. Mninga na mbao nyingine nyekundu kifundo sio tatizo, tatizo ni mbao nzima kutoa rangi ikikutana na rangi ya maji, hapo unapaka shelaki kila mahali au unatumia praima ya mafuta badala ya ya maji.

Shelaki ina sifa moja nzuri sana, inashika karibu juu ya kila kitu na karibu kila kitu kinashika juu yake. Ukiwa hujui kilichopo chini na pamba haijakupa jibu la kueleweka, shelaki katikati inakuokoa mara nyingi.

Praima na rangi yenyewe

Praima usiiruke. Najua duka fulani watakuambia rangi yao ni mbili kwa moja, labda ukutani, kwenye mguu wa stuli unaopigwa teke kila siku weka praima. Koti moja nyembamba, yaani mpako mmoja, ikikauka pitisha msasa 320 kwa mkono mwepesi, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Sasa rangi. Rangi ya maji ya ukutani usiitumie kwenye fanicha, hata kama imebaki nusu ndoo na inakuuma kuiacha. Imetengenezwa kwa ukuta ambao hakuna anayeukalia. Kwenye fanicha inabaki laini, weka sahani au chombo cha maua juu kwa wiki, ukikiinua kinaondoka na rangi. Tafuta akriliki, rangi ya maji ngumu ya mbao na chuma, au rangi ya mafuta, au tuki kama una kompresa, mashine ya hewa ya kupulizia. Rangi nyeupe ya mafuta ina tabia ya kwenda njano, na inaenda zaidi gizani kuliko kwenye mwanga, ndio maana ndani ya droo na nyuma ya mlango wa kabati panakuwa njano kabla ya nje. Kama mteja anataka nyeupe ya kukaa miaka, akriliki au tuki.

Makoti membamba mawili matatu yanashinda koti moja nene, hilo kila fundi analisema ila wachache wanalifanya kwa sababu njaa iko mlangoni. Koti nene linakauka juu chini bado bichi, na hiyo ngozi ya juu inakudanganya. Akriliki hapa kwetu inakauka haraka mno kutokana na ukavu, brashi inaacha mistari kabla rangi haijatulia, kwahiyo zimua kidogo, paka sehemu ndogo ndogo, usirudi nyuma kupitisha brashi mahali ulishamaliza. Rola ndogo ya sponji inafanya vizuri zaidi kwenye meza kuliko brashi. Rangi ya mafuta subiri angalau saa 16 hadi 24 kati ya koti na koti, na usiku wa Juni na Julai ukiwa wa baridi ongeza, usifuate saa ya kwenye kopo kama mtumwa, bonyeza na ukucha sehemu iliyojificha, ukiacha alama bado.

Muda wa kufanyia kazi ni asubuhi, saa moja mpaka kama saa nne, upepo haujaamka. Mchana wa Agosti au Septemba ukipaka nje unauza meza yenye mchanga ndani yake. Fanyia ndani, mwagia sakafu maji vumbi lilale, tundika turubai au shuka lililoloa mlangoni, na nguo yako yenyewe kung'uta kabla hujaingia. Usipake mbao iliyotoka juani ikiwa ya moto, rangi inakauka juu kabla ya chini na kutoa mapovu. Mvua za kwanza zikinyesha na ukawa unafanya kazi usiku na taa, kumbikumbi watakuja wote kutua kwenye meza yako, zima taa ukalale.

Urembo

Hapa ndio watu wanafurahia na hapa ndio kazi nyingi zinaharibikia, kwa sababu kila urembo una adui yake kwenye klia.

Rangi ya dhahabu ile ya kopo dogo au ya unga wa kuchanganya, nyingi sio dhahabu bali ni unga wa shaba na zinki, ukiiacha wazi inashika kutu yake inageuka kijani au kahawia, hasa pale mikono yenye jasho inaposhika. Lazima ifungiwe na klia. Lakini paka klia ya maji au puliza nyembamba, ukisugua na brashi yenye tina ule unga unaamka na kusambaa, ua linakuwa wingu.

Maua ya stensili, lile karatasi gumu lenye matundu ya maua, tumia rangi kidogo mno kwenye sponji, gonga gonga, usifute. Stensili ishikilie kwa maskingi tepu, na tepu ibandue rangi ikiwa bado haijakauka kabisa, ukiivuta kwa kuilaza nyuma sio kuinyanyua juu. Maandishi ya makapeni, zile kalamu nene za wino, usiyaamini kabisa, wino wake mwingi unayeyuka kwenye tina na spiriti, jina la bibi harusi linatiririka mbele ya macho yako. Kama lazima, funga na klia ya maji baada ya kujaribu kwenye kipande.

Stuli za michoro ya Tingatinga ni nyingine. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alichora kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya hadibodi na wachoraji wengi waliomfuata wanaendelea na hiyohiyo. Inang'aa yenyewe na ikikauka ni ngumu. Sasa mtu ananunua stuli ya mchoro huo anapeleka kwa fundi "ipigwe klia idumu", fundi anapuliza klia ya NC, na tina yake kali inaingia kwenye rangi ya mafuta, ndani ya dakika chache twiga anakunjamana ngozi kama ya mzee. Mchoro wa rangi ya mafuta ama uache ulivyo, ama usubiri mwezi mzima ukomae kisha upake vanishi ya mafuta au klia ya maji baada ya kupitisha msasa 400 kwa wepesi sana.

Kubandika kitenge juu ya stuli nako kunapendeza. Fua kitenge kwanza kutoa wanga na kuona kama kinachuja, piga pasi, paka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwenye mbao, laza kitambaa, sukuma hewa toka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya zamani ya benki, acha ikauke, kata pembe kwa wembe mpya, halafu paka gundi hiyohiyo juu mara mbili. Klia ya maji ndio imalizie. Ukitumia vanishi ya mafuta kitenge kinalowa na kuwa cheusi kama kimemwagiwa uto, wengine wanapenda, mimi sipendi.

Jaribu kabla ya klia

Kabla hujapiga klia yoyote fanya kipimo hiki, kinachukua dakika mbili. Chini ya meza, mahali palipopakwa sawasawa na juu, chora kwa wembe mistari sita hivi ya kusimama na sita ya kulala, viboksi vidogo vya milimita mbili, ikate mpaka kwenye mbao. Bandika selotepu ngumu, bonyeza vizuri kwa ukucha, vuta kwa mkupuo mmoja. Itazame tepu kwenye mwanga. Ikitoka tupu endelea. Ikitoka na viboksi vya rangi, rangi yako haijashika na klia itaondoka nayo, rudi kwenye msasa na praima sasa hivi kabla hujala pesa ya mtu. Angalia pia nyuma ya hivyo viboksi, kama ni mbao tupu imebaki chini basi praima ndio haikushika, kama praima imebaki kwenye mbao basi rangi ndio imeikataa praima, pengine hukuipiga msasa.

Klia ipi

NC ndio mafundi wengi wanayoitumia, pamoja na sendingi sila yake, ile ya kutangulia kuziba vitundu vya mbao, kwa sababu ni rahisi na inakauka dakika chache vumbi halijapata nafasi. Kwa klia tupu juu ya mbao ya mninga kwenye kitu kisichoguswa sana, fremu ya kioo, rafu, safi kabisa. Juu ya meza ya chakula hapana. Kikombe cha moto kinaacha duara jeupe, na manukato au dawa ya kutoa rangi ya kucha inaiyeyusha, kwahiyo dresingi tebo nayo usiipige NC juu. Msimu wa mvua NC inapata ukungu mweupe, tina inapoondoka inapoozesha uso na unyevu wa hewani unatua hapo, subiri mchana kukauke au puliza tena tina nyembamba juu yake kama imeshatokea. Na usiipulize juu ya rangi ya mafuta, nimeshasema na nasema tena.

Tuki, klia ya kuchanganya na hadna, ndio ngumu kuliko zote kwa meza. Changanya kwa kipimo cha kwenye kopo, sio kwa macho, hadna ikipungua inabaki inanata na ikizidi inakuwa kavu inapasuka. Ukishachanganya ina masaa tu kabla haijaganda kwenye bunduki ya kupulizia. Hadna yake ni hatari kwa mapafu, maski ya kitambaa au ya vumbi haisaidii, tafuta maski yenye vichujio vya kemikali na hewa ipite. Kama huna, mpe mwenye nazo, sio aibu. Kompresa fungua koki ya chini utoe maji kabla hujaanza.

Vanishi ya mafuta inapakwa kwa brashi, haina haraka, ni imara, ila inaongeza unjano, usiiweke juu ya nyeupe wala bluu ya mbingu. Ya kukaa kibarazani kwenye jua chukua ile ya mashua, inanyumbuka na ina kinga ya jua, klia za ndani zikikaa juani zinapasuka vipande vipande. Matambara yenye vanishi hizi au mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye kona, yanajipasha joto yenyewe mpaka yanawaka, yaanike nje yakauke.

Klia ya maji haigeuki njano, haina harufu kali, inafaa sana rangi angavu na vitenge. Ipake juu ya chochote mradi kilichopo chini kimekomaa na kimepitishwa msasa. Koroga taratibu, usitikise kopo, mapovu yatakaa. Na kama ni klia ya mati koroga mpaka chini kabisa, ule unga wa kufifisha mng'ao unatuama, ukipaka juu juu koti la kwanza linang'aa na la mwisho linakuwa na madoa.

Aina yoyote utakayochagua, koti la kwanza lizimue kama asilimia 10 liingie, msasa 400 kati ya makoti, futa vumbi. Pembeni makoti mawili, uso wa meza matatu. Halafu geuza meza juu chini. Chini ya miguu, pale panapogusa sakafu, ndio maji ya kudekia yanapoingilia na kupanda na nyuzi mpaka juu, pakafungwe na klia mpaka pashibe. Na upande wa chini wa uso wa meza upake angalau koti moja, ukifunga juu tu na chini ukaacha wazi mbao inavuta unyevu upande mmoja na inajikunja.

Baada ya hapo

Kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Meza unaweza kuigusa baada ya saa chache lakini akriliki na klia ya maji zinahitaji wiki tatu mpaka nne kuwa ngumu kweli. Katika huo muda usiweke tivii, usifunike kwa plastiki, na hasa ile nailoni ya mezani yenye maua, ina mafuta ya kulainishia plastiki yanayohamia kwenye rangi na kuilainisha, zinagandana. Hata baada ya mwezi nailoni usiilaze moja kwa moja, tanguliza kitambaa cha pamba. Mwambie mteja hivyo wakati anabeba, tena mwambie mbele ya dereva wa kirikuu asije akaivika plastiki njiani na jua lote la saa nane.

Kufuta ni kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni ya maji, jiki hapana, tina hapana, na zile polishi za silikoni hapana maana siku ikihitaji kurekebishwa utakutana na macho ya samaki.

Ikichubuka mahali, ya NC ni rahisi, safisha, puliza koti jipya na tina yake inayeyusha la zamani vinakuwa kitu kimoja, kiraka hakionekani. Ya tuki na ya maji hazifanyi hivyo, kiraka kitaonekana tu pembeni yake, kwahiyo gusia rangi pale palipochubuka, acha ikauke, kisha piga msasa 400 uso mzima toka ukingo mmoja mpaka mwingine ndio upige klia uso wote upya.